Una Kingine Kibaya Kama Hiki?

Ukimwuliza Mtanzania aliyevaa vizuri anapenda kusoma nini, atakujibu Shaaban Robert. Atajibu upesi, bila kupepesa macho, na ukimwuliza kitabu kipi hasa, atasema "vyote". Mimi ni mkutubi, sibishani na mtu kaunta. Lakini mwishoni mwa kila kitabu chetu kuna karatasi ndogo ya kugongea muhuri wa tarehe ya kurudisha, na karatasi ile haijui kujikweza. Ya Kufikirika, kitabu cha Shaaban huyo huyo, ina mihuri iliyosongamana Machi na Aprili, kidato cha sita wanapokaribia mitihani, kisha kimya mpaka mwakani. Ya Mzimu wa Watu wa Kale ilijaa, ikabandikwa nyingine juu yake, nayo ikajaa, na sasa kitabu kinafunguka chenyewe hapo nyuma kwa unene wa gundi. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, huazimwa Januari, huazimwa Ramadhani, huazimwa hata wiki ya Krismasi. Wanaomwazima ndio hao hao wanaosema Shaaban Robert, vyote.

Nafanya kazi katika maktaba ya mkoa. Mkoa gani sisemi, maana nina bosi naye anasoma magazeti. Barua yangu ya ajira inasema nitawahudumia wasomaji kupata vitabu. Haikusema kwamba kazi kubwa itakuwa kumbembeleza mtu mzima, mwenye familia na shamba, mpaka akiri kwamba anapenda hadithi za mapenzi.

Na hao wanaokuja kuazima ni wachache. Wengi wanakuja kujisomea. Kijana anaingia na begi lake, daftari lake, chupa yake ya maji na vitabu vyake alivyonunua mwenyewe, anatafuta kiti karibu na feni na soketi ya kuchajia simu, anakaa hapo mpaka jioni. Rafu zimemzunguka pande tatu, wala hazitazami. Simlaumu. Nyumbani kwao pengine chumba kimoja kina wadogo zake, televisheni na cherehani ya mama, na maktaba ndiyo mahali pekee mjini anapoweza kukaa kutwa nzima bila kuulizwa anaagiza nini. Ila nikipita nikamwambia kuna riwaya nzuri hapa, pumzisha kichwa kidogo, ananiuliza swali moja tu, nimelizoea kama adhana:

"Madam, inatoka kwenye mtihani?"

Mmoja nilimshikia bango. Kijana mpole wa kidato cha sita, nikampa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, nikamwambia asome tu, asiandike kitu. Baada ya wiki akarudi nayo.

"Umekipenda?"

"Ndiyo, madam. Dhamira kuu ni ukombozi. Mgogoro mkuu ni wa kitabaka, kati ya mabwana shamba na wakulima. Kuhusu kufaulu kwa mwandishi kifani..."

"Nimekuuliza umekipenda?"

Akafungua daftari. Nikalifunga. Akabaki amesimama pale kama kaitwa mbele ya paredi, anatafuta jibu kwenye dari. Mwishowe akainama kaunta na kuninong'oneza kwamba yule Fuad, jinsi alivyokuwa akimtumikisha Kijakazi, alitamani amtie kofi. Nikamwambia hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka.

"Nikiliandika hilo napata maksi?"

"Hupati."

Akashukuru, akarudi kwenye kiti chake cha feni. Nadhani shule zetu zimefanya kazi kubwa sana ya kuwafundisha watu kueleza kitabu bila kukigusa. Mtu anatoka pale na orodha ya dhamira, migogoro na wahusika bapa na duara, na miaka ishirini baadaye ukimwuliza kitabu gani kilimfurahisha, moyo unamwenda mbio kama kaulizwa bila kujiandaa. Ndiyo maana wanakimbilia Shaaban Robert. Ni jibu ambalo halijawahi kumfelisha mtu.

Kuna mwaka tuliletewa mwanafunzi wa chuo, wa mafunzo kwa vitendo, hawa tunaowaita watu wa fildi. Kijana mwenye bidii ya kutisha. Wiki ya kwanza tu alishagundua kwamba tatizo letu ni kukosa takwimu, akachapa karatasi aliyoiita Fomu ya Kubaini Ladha ya Msomaji. Jina, umri, kazi, hali ya ndoa (hii hali ya ndoa hakuna aliyejua inaingiaje), kisha: taja aina ya vitabu unavyovipenda. Aligawa chumba kizima. Karibu wote wakaandika "vya elimu". Mmoja akaandika "vya maendeleo". Kuna bwana ambaye kazi yake pale ni kuwahi Mwanaspoti kila asubuhi na kuiwekea kidole gumba ukurasa wa usajili, asiguswe mpaka amalize. Huyo akaandika "falsafa". Bibi mmoja aliyekuja kumsubiri mjukuu wake akauliza kama majina haya ni ya TASAF, na hela zitatoka lini.

Kijana akayajumlisha, akachora na chati ya duara. Kwa mujibu wa chati ile mkoa wetu hauna mtu hata mmoja anayesoma riwaya za upelelezi.

Huyo huyo ndiye aliyempokea mzee wa kitabu cha simu. Mzee aliingia na fimbo na kofia, kijana akampa shikamoo, mzee akaitikia na kusema, "Mjukuu wangu, nitafutie kile kitabu cha simu. Nilikisoma ujanani." Mimi nilikuwa na foleni ya wanachama wapya, lakini nilisikia, nikajua moja kwa moja anataka Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, riwaya ya 1965, ambayo watu wa umri wake walikuwa wakiazimana mpaka jalada linakwisha. Kijana akapotelea stoo. Akarudi akifuta vumbi, uso umemng'aa, akaweka mezani kitabu kikubwa cha namba za simu, cha enzi za Shirika la Posta na Simu.

Niliacha fomu za watu nikanyanyuka. Sikufika. Mzee alikuwa ameshavaa miwani, ametia mate kidole, anashuka na safu ya kwanza.

"Ala!" akasema. "Huyu!"

Wasomaji wa magazeti wakageuza shingo. Huyu, mzee akawaeleza, alikuwa na duka la baiskeli karibu na stendi ya zamani, na namba yake ilikuwa ya tarakimu tatu tu, ila usimpigie mchana, amelala. Akafunua ukurasa. Huyu naye alikuwa karani wa bohari ya pamba, alioa mara tatu, na harusi ya tatu ilikuwa na bendi mbili zilizogombana nani aanze. Sanduku hili la posta lilikuwa la mjumbe fulani, lakini barua za hawara yake zilipitia sanduku lile pale chini, la kinyozi. Kufika katikati ya kitabu alishazungukwa na viti, na bwana wa Mwanaspoti alikuwa ameondoa kidole gumba. Kisha mzee akanyamaza, akakisogeza kitabu karibu na pua, akaniita nimwazime kalamu. Amempata mtu anayemdai tangu mwaka wa vita vya Kagera. Tulimkumbusha kwamba huyo bwana, kwa hesabu yoyote ile, atakuwa ameshatangulia mbele ya haki. "Ana watoto," mzee akasema, akaandika.

Kitabu cha rejea hakiazimwi, kwa hiyo alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Simu ya Kifo nilimpelekea mwenyewe mezani. Akaigeuza, akaitambua, akatabasamu, akaomba nimwekee kando kwanza. Alikuwa hajamaliza herufi M.

Sasa nisimuonee kijana wa watu, maana mambo ya rafuni yalishaharibika kabla yake. Mpangilio wetu wa vitabu ulibuniwa na Mmarekani, Melvil Dewey, aliyeuchapisha mwaka 1876 akiwa na miaka 24. Aliigawa elimu yote ya dunia mafungu kumi, kila kitu kikapata namba. Kuku wako 636.5. Nyuki wako 638. Misitu iko 634.9. Fasihi ya Kiswahili yote, kuanzia tenzi za kale mpaka riwaya iliyotoka juzi, imebanwa 896.392, wakati Shakespeare peke yake amekatiwa kiwanja, 822.33. Na kwa kuwa tafsiri huwekwa pamoja na kitabu ilikotoka, basi Juliasi Kaizari, iliyotoka kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi ya 1969, kazi za mkono wa Mwalimu Nyerere, zinalala kwa Mwingereza. Mwalimu huyu ndiye aliyefungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, tarehe 9 Desemba 1967. Nilipomweleza mgeni mmoja kwamba vitabu vya Mwalimu vinalala kwa Mwingereza, aliniuliza kwa sauti ya chini kama Mwalimu mwenyewe aliambiwa.

Kabla yangu palikuwa na msaidizi ambaye hakuwa na subira na nukta za Dewey. Alipanga kwa kusoma jalada. Asali Chungu ya Said Ahmed Mohamed akaiweka na nyuki. Dunia Mti Mkavu, ya mwandishi huyo huyo, akaipeleka misitu. Gamba la Nyoka la Kezilahabi lilikuwa kwa wanyama watambaao, na Kisima cha Giningi kilikaa miaka kwenye uhandisi wa maji, kati ya pampu na matangi. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert ilikuwa kilimo, na hapo sina ugomvi naye sana, maana Utubora kweli anaacha kazi na kwenda shamba, ingawa hasemi lolote kuhusu mbolea ya kukuzia.

Nilipoanza kuvirudisha mahali pake, alikuja bwana mmoja mfuga nyuki, Asali Chungu mkononi. Nikajiandaa kuomba radhi kwa niaba ya ofisi.

"Dada, kitabu hiki," akasema, "nyuki hawamo."

"Ni kweli, kaka."

"Hata mmoja."

"Ni kweli."

"Nimekisoma mpaka mwisho nikidhani watatokea." Akakiweka kaunta, akakipapasa. "Yule mwandishi ameandika kingine?"

Nikampa Utengano. Baada ya hapo akachukua Dunia Mti Mkavu, safari hii akijua kabisa hakuna mti. Leo ni mmoja wa wasomaji wangu wazuri kuliko wote, na hajawahi kufika rafu ya 896.392 kwa miguu yake, ananiuliza "kimejificha wapi?" kana kwamba riwaya ni kitu kinachopaswa kutegwa. Nami nimekuja kuamini kwamba yule msaidizi asiyependa nukta alikuwa anatufanyia kazi nzuri bila kujua. Tangu tulipovipanga vitabu vile sawasawa, vinafuata kanuni zote, na hakuna mkulima anayeangukia riwaya kwa bahati mbaya.

Majalada ya kidini ndiyo yanayonitoa jasho. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli, siitoi bila maelezo, maana kuna watu wawili watatu walishaichukua kwa nia njema ya kujiandaa na akhera. Lakini hakuna jalada lililowahi kutuletea kizaazaa kama Rosa Mistika.

Asiyejua, Rosa Mistika ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Pia ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyepitia seminari, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa sababu inasema waziwazi yanayompata msichana anayefungiwa na baba mkali kisha akafunguliwa ghafla. Alikuja mama mmoja wa jumuiya, kitambaa kichwani, rozari mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda rafuni mwenyewe. Nilikuwa kwenye simu na watu wa umeme. Nilipogeuka, kijana wa fildi alikuwa ameshagonga muhuri na mama anatoka mlangoni, Rosa Mistika ameikumbatia kifuani.

Sikulala vizuri. Nilimwona paroko akija, nikamwona na katekista nyuma yake. Tarehe ya kurudisha ikafika, mama hakutokea. Ikapita. Siku aliyokuja, kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, gazeti limefungwa kwa uzi. Akakisukuma kaunta kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," akasema, "kitabu hiki ni kibaya sana."

"Samahani sana, mama. Ilikuwa ni..."

"Kibaya! Yaani kibaya. Nimechelewa kukileta kwa sababu ilibidi niwape na wenzangu wa jumuiya wakione kilivyo kibaya. Mwenyekiti alikaa nacho siku nne. Katibu alilia." Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kijana wa fildi akajifanya anapanga kalamu. "Sasa huyu mwandishi. Ana kingine kibaya kama hiki?"

Nikampa Kichwamaji, ya 1974. Faini ya kuchelewa sikumdai. Alikirudisha kabla ya tarehe akasema nacho ni kibaya, ila kinataka utulivu. Kwa kuchangamka kijana akampa Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, na mama akairudisha kesho yake asubuhi, hata mlango hatujafungua vizuri. "Hiki," akasema kwa huzuni, "sikuona ubaya wake uko wapi." Tangu siku hiyo tunamwekea vitabu pembeni, na kwenye orodha yetu ya kaunta tumeandika kwa penseli, K.S., yaani kibaya sana. Orodha hiyo ndiyo inayofanya kazi kuliko chati ya duara. Wanajumuiya wote wanaisoma.

Wazazi nao wana yao. Mama anamleta mtoto wa miaka saba, anataka apewe kitabu cha Kiingereza, kinene, chenye maneno magumu. Mtoto mwenyewe ameshakaa chini, chini kabisa ya meza, na Hekaya za Abunuwasi, anacheka peke yake mabega yanatikisika. Namwonyesha mama: yule pale anasoma. "Hapana, dada, yule anacheza," mama anasema. "Na huyo Abunuwasi atamfundisha ujanja." Nilishajaribu hoja zote. Siku hizi natoa vitabu viwili, kinene cha Kiingereza anabeba mama, chembamba anabeba mtoto, na vinaporudi cha Kiingereza kinanukia jalada jipya.

Chuoni tulikaririshwa kanuni tano za Ranganathan, yule mwalimu wa hesabu wa Madras aliyegeuka mkutubi, alizozitoa 1931. Moja inasema kila msomaji ana kitabu chake. Nyingine inasema kila kitabu kina msomaji wake. Nyingine inataka tuokoe muda wa msomaji. Ni kanuni nzuri na sijawahi kuona kosa ndani yake, isipokuwa mzee Ranganathan hakusema ufanyeje kama msomaji mwenyewe anakificha.

Nilidhani dawa ni kuuliza kwa kuzunguka. Muuza mitumba mzuri hakuulizi saizi. Anakutupia jicho, anachomoa shati kwenye rundo, anasema hili lako. Basi nikajifunza kutomwuliza mtu anapenda nini, nikawa namwuliza mara ya mwisho ni kitu gani kilimnyima usingizi. Nilitegemea aseme kitabu, au filamu, au hata tamthilia ya Kituruki ya saa tatu usiku. Wa kwanza kumwuliza alikuwa fundi seremala.

"Vikoba," akasema.

"Vikoba vipi?"

"Marejesho ni Ijumaa."

Nikampa Dunia Uwanja wa Fujo. Alisoma jalada, akasema hilo analijua tayari, hana haja ya kulisoma. Alichukua Alfu Lela Ulela. Baadaye akaniambia amempenda yule mwanamke anayesimulia hadithi ili asiuawe asubuhi, kwa sababu naye Ijumaa ile alimsimulia mweka hazina wa kikundi chake mpaka giza likaingia, na marejesho yakasogezwa mbele wiki moja. Sijui kama hii ndiyo faida ya kusoma iliyoandikwa kwenye mpango mkakati wetu, lakini nimeiweka kwenye ripoti ya robo mwaka.

Na sasa mwalimu mkuu. Ni mstaafu, shati la mikono mifupi limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kwa miaka mingi alikuwa mkali wa shule ya bweni, na wanafunzi wake wametapakaa mji mzima. Anayempima presha ni mmoja wao. Alikuja kaunta akasubiri watu waishe. Akakohoa.

"Mna vile vitabu... vile vya yule mpelelezi. Gamba."

"Willy Gamba? Vya Elvis Musiba?"

"Hivyo. Ni kwa ajili ya utafiti."

"Utafiti wa nini, mwalimu?"

"Wa maadili."

Nikamwacha na utafiti wake. Alikuwa anataka Kikosi cha Kisasi, na hakuna kingine kilichomfaa. Ukweli ulitoka kidogo kidogo, siku mvua ilipotufungia wote ndani. Enzi hizo alikuwa akikagua mabweni usiku na kunyang'anya riwaya zilizo chini ya magodoro. Zilizo nyingi zilikuwa za Musiba. Alizifungia kwenye droo ya ofisi. Na usiku, wakati mwalimu wa zamu anazunguka na tochi, yeye alikuwa ofisini kwake na koroboi, pazia limeshushwa, akiendelea na utafiti. Kikosi cha Kisasi alifika nacho pabaya, Willy yuko kwenye hatari, kurasa chache zimebaki, na asubuhi yake mzazi wa mwenye kitabu, ofisa mzito, akaja shuleni kukidai. Alimkabidhi mbele ya walimu wote, pamoja na hotuba juu ya fasihi pendwa na kuporomoka kwa vijana. Tangu siku hiyo hajui Willy Gamba alitokaje.

Kuuliza nani? Wanafunzi wake?

Nakala yetu nilimtolea kwa heshima zote. Alikaa meza ya pembeni, mgongo ukutani kama mtu aliyezoea kukagua, akasoma asubuhi yote. Mchana nikasikia kiti kikisukumwa. Akaja kaunta na kitabu kimefunguliwa. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, safi, kwa rula. Na ndani ya jalada la nyuma, msomaji mwema aliyetangulia alikuwa ameandika kwa bluu ya kalamu ya bei rahisi: Mwisho wake mtamu sana, usikose.

Mwalimu akausahihisha mwandiko ule, akaongeza mkato panapostahili, akarudi kukaa. Nimempendekezea avuke tu ahamie kwa Joram Kiango wa Ben Mtobwa, amekataa. Nimemwambia nimsimulie mwisho, maana mimi naujua. Karibu anipige.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu kuna Kikosi cha Kisasi chenye kurasa zote, kwenye sanduku la marehemu babu au kwenye kabati la vyombo, kilete maktaba ya mkoa wako waulize kama ndiyo sisi. Kama kina muhuri wetu na kilitakiwa kurudi tangu awamu ya pili, usiogope, faini nitaisamehe na wala sitakuuliza hali ya ndoa. Na kama unazo zile kurasa peke yake, ulizozikata kwa rula, ziweke kwenye bahasha uzipitishe chini ya mlango, hatutatazama ni nani. Tunafungua saa tatu asubuhi. Mwalimu huja Jumanne, na ana presha.